Mlio Chini ya Pedali

Kijiko alikuwa msichana fundi wa kupaka rangi nyumba, mwembamba kiasi kwamba jina hilo alipewa na mafundi wenzake, na hata mama yake akalizoea. Mashindano ya kupanda mlima hadi kwenye tangi la maji yalikuwa yaanze saa nane mchana. Asubuhi hiyo alitoka na baiskeli yake ya mbio azunguke mtaa kidogo tu, kunyoosha miguu. Alirudi akiikokota, uso umemshuka.

"Inalia," alisema kabla hajafika mlangoni. "Mguu wa kulia ukishuka tu, ko! Nikikanyaga kwa nguvu, ko! ko! Kama mtu anabisha hodi."

Wifi yake, mke wa kaka yake, aliacha cherehani na gauni la mteja likining'inia sindanoni. "Si umfungulie," akasema, akacheka peke yake. Kisha akayaona macho ya Kijiko. "Haya, ilete hapa tuione."

Kaka alikuwa anakunywa chai. Alitoa hukumu bila kuinuka: kiti hicho. Kijiko akazunguka ua akiwa amesimama juu ya pedali, kiti hakigusi. Ko! Kaka akarudi kwenye chai yake. Wakakaza pedali zote mbili. Ko! Ndipo wifi akachuchumaa, akashika mikono ya pedali huku na huku, akaisukuma kulia, akaivuta kushoto.

"Weka kidole hapa. Umesikia?"

Kijiko alisikia. Ekseli yenyewe, ile inayopita tumboni mwa fremu, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Wakatoa cheni, wakazungusha pedali taratibu. Ilikwaruza kama wali wenye mchanga.

"Gololi zimekwisha humo," Kijiko akasema. "Na fundi baiskeli amefunga. Naye anashindana leo."

"Basi leo mafundi ni sisi. Lete spana."

Kikombe cha kushoto, kinachobana gololi ndani ya fremu, kilitoka bila ubishi. Cha kulia kikagoma. Kaka akaona zamu yake imefika. Akakunja mikono ya shati, akaning'inia kwenye spana hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kutu hiyo," akahema. "Haitoki leo wala kesho."

"Subiri kwanza!" Kijiko aliruka. "Pedali ya kushoto si hufunguka kinyume? Kama na hiki ni kinyume je? Kaka, muda wote huo unakaza!"

Wakageuza spana, wakavuta upande wa pili wote watatu. Kikombe kikalia, kikaachia ghafla, Kaka akaenda chini matako kwanza. Hata yeye alicheka.

Ndani, grisi ilikuwa nyeusi kama uji ulioungua, na gololi za upande wa kulia baadhi zimepasuka. Kijiko akazitazama kiganjani. Wifi yeye alikuwa anaitazama baiskeli yake mwenyewe ukutani, ile ya kupelekea wateja nguo.

"Wifi, usithubutu."

"Nimeshathubutu. Wateja watangoja."

Wakaifungua. Wakapanga gololi zake na zile nzima za Kijiko mezani, wakalaza rula juu yake. Ikatulia, haikuyumba. Saizi moja! Kijiko akamkumbatia wifi yake, mikono yote grisi.

Wakaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, wakapaka grisi mpya, wakapachika. Wakikaza sana, pedali inakuwa nzito. Wakilegeza, ekseli inacheza. Kaza, legeza, kaza. Mwishowe wifi akakibana kikombe kisisogee huku Kijiko akifunga ringi ya kukizuia kisilegee. Wakazisukuma pedali kwa kidole. Zikazunguka, zikazunguka, bila sauti yoyote. Wifi akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Lori ambalo Kaka husambazia maziwa liliwafikisha chini ya mlima bendera ya kuanzia ikiwa tayari juu. Kijiko akarukia baiskeli na mistari ya grisi shavuni. Kilima cha kwanza alikanyaga kwa woga, akiusubiri ule mlio. Haukuja. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Kimya! Basi akaachia miguu yote, akampita mmoja, akampita mwingine, na kwenye kona ya juu akampita fundi baiskeli, ambaye aligeuka mdomo wazi. Alimaliza wa pili, gurudumu moja tu nyuma ya mshindi, akaangukia nyasi akicheka na kukohoa kwa pamoja.

"Wa pili! Wa pili, jamani!" wifi, aliyepandishwa huko juu na lori, alikuwa anampigia kelele kila apitaye. Kisha akakunja gauni lake, akaipanda baiskeli ya Kijiko na kuuelekea mteremko.

"Wifi! Breki ziko kwenye usukani, mbele ya vidole! Wifi!"

Lakini wifi alishashika kasi, anapiga mayowe ya furaha, na Kijiko akainuka na kumkimbilia pekupeku.