Marashi ya Kukata Kiu

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Ruthu alifungua kufuli la kituo cha maji kama alivyofanya kwa miaka tisa, akazungusha koki, akasubiri. Ikakohoa vumbi. Pampu ilikuwa imekufa tangu mwezi wa sita, lakini ufunguo kamati ilimkabidhi yeye, na aliyekabidhiwa ufunguo hufungua. Kwenye foleni zilikuwapo ndoo nne tu. Wenyewe walikuwa wameenda kupuliziwa.

Kupuliziwa kulianza wiki tatu nyuma, Abeli, kijana wa mradi wa maji, alipofika na gari la ofisi kutoka mjini. Watu wa kitongoji kile, mbele kidogo ya Ihumwa, walidhani kaleta pampu. Akashusha maboksi ya marashi. Yalinukia soda ya chungwa iliyofunguliwa muda huo huo, tamu, ya baridi, na gesi yake ikikupanda puani mpaka macho yanalengalenga. Ukipuliziwa mara mbili shingoni unabeua, na kiu inakwisha hadi kesho yake. Mzee Matonya alipuliziwa, akabeua, akashinda juani anang'oa visiki bila hata dumu la maji. Mbuzi nao walipuliziwa.

Ruthu machale yalimcheza. Kitu cha bure kinachogawiwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni, wewe kitazame mara mbili. Yeye alimtazama Abeli. Alimwona garini, vioo vimepandishwa, anakunywa maji ya chupa, chupa nzima bila kupumzika. Kisha kijana akashuka, akajifuta mdomo.

"Shikamoo, mama. Njoo nawe upate."

"Marahaba. Mbona wewe hujipulizii?"

"Mimi ni mtumishi, mama. Haturuhusiwi."

Huyu kuna namna, Ruthu akawaza.

Kilichomkosesha usingizi ni Miriam, mke wa mwanawe, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Pale zahanati mzazi huenda na maji yake, ndoo mbili. Ruthu alikuwa na ndoo moja na nusu uvunguni, kaifunika kwa sinia na jiwe juu, hamwamini hata mwanawe. Marashi yanakata kiu, haya. Yatamwogesha mtoto? Akamkataza Miriam asiyaguse. Miriam akaitikia vizuri kabisa, kisha akaenda kupuliziwa. Kwa joto lile na tumbo lile, Ruthu hakuweza kumkasirikia. Alimwonea huruma.

Mtoto alizaliwa Jumapili mchana. Alitoka mkavu, msafi, ananukia chungwa, na alibeua kabla ya kulia. Nesi Batuli alimpitishia kitambaa, kikabaki cheupe, akaandika daftarini: wa kike, kilo tatu na robo, hahitaji kuogeshwa. Maji ya Ruthu yakarudi nyumbani vilevile. Wajawazito wawili waliokuwa wodini wakaulizia marashi.

Jumatatu Abeli alikuja kutoa hongera na kumpiga mtoto picha ya kuweka kwenye ripoti. Alipotoka, Ruthu alimfuata mpaka kituoni. Mafundi walikuwa wanang'oa pampu na mabomba yake na kuvipakia kwenye lori.

"Mnakwenda kuitengeneza?"

"Inahamishwa, mama. Inaenda kumwagilia bustani ya ofisi zetu mjini."

"Na sisi?"

"Nyie hamna kiu. Tumeshaandika." Akaona uso wa Ruthu haujabadilika, akaeleza kwa upole, "Nyasi hazina pua, mama."

Akaomba na ufunguo. Ruthu akaufungua kwenye pindo la kanga, akampa.

Nyumbani alimkuta Miriam mkekani, kanga imelowa maziwa kifuani. Mtoto hajanyonya tangu azaliwe.

"Hana kiu, mama," Miriam alisema. "Nesi anasema watoto wa siku hizi wote watakuwa hivi."

Ruthu akaogopa, akaogopa kwelikweli. Alichovya kidole kwenye maji ya ndoo ya uvunguni akamgusisha mtoto midomo. Mtoto aligeuzia uso ukutani, akabeua taratibu, akalala.