Komeo la Njia ya Nane

Kiongozi wa msafara wetu alikuwa shemeji yake Mwenyekiti wa chama cha kuogelea. Jina lake halisi sijawahi kulisikia. Chama kizima kilimwita Shemeji, hata wafagizi wa ofisi ambao hawakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Msafara wenyewe ulikuwa mimi. Mtu mmoja na kiongozi wake.

Kocha alibaki nyumbani. Tiketi zilikuwa mbili, na kikao kikaamua kwamba mchezaji anaweza kwenda bila kocha, lakini hawezi kwenda bila uongozi. Maneno hayo nayatunza kama yalivyotamkwa, pamoja na sura za waliotikisa vichwa kukubali. Nilikuwepo, nimekaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Kocha ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kazi yake ni ufundi wa mabomba. Hoteli moja ilimwajiri kuangalia pampu za bwawa lake, na siku walipotaka kumwongeza mshahara akawaambia wampe saa moja ya bwawa kila asubuhi badala yake. Bwawa lenyewe fupi, la watu kupoza miguu. Ukichanganya mikono vizuri umeshagonga ukuta. Mgeni wa kwanza akitandika taulo kwenye kiti, mimi natoka. Mjomba mwenyewe haogelei, anaelea tu. Ukocha alijifunza kwa kutazama mbio za wanawake kwenye simu, mita hamsini mtindo huru, akizirudisha nyuma na kuzisimamisha mpaka kioo kikachubuka.

"Angalia kiwiko hicho, mjomba," ananiambia. Yeye ananiita mjomba, nami namwita mjomba. "Hakipigani na maji. Kinayapanda."

Alichoshindwa kuniambia ni kile ambacho hata yeye hakukiona. Nitafika huko.

Kwanza mjue nilikwenda kutafuta nini. Medali? Hata usingizini sikuiota. Kuna muda wa kufuzu. Ukiupata, mashindano yajayo unakwenda kwa haki yako, na hakuna wa kukuondoa. Usipoupata, unasubiri ile nafasi moja ya hisani ambayo kila nchi hupewa, na mgawaji wa hisani ni chama. Miaka minne kabla yangu kulikuwa na binti aliyetuacha wote nyuma kama tumefungwa mawe. Mabegi yake yalikuwa yameshafika uwanja wa ndege alipoambiwa jina lake limebadilika. Alikwenda mpwa wa Mwenyekiti, aliyeogelea kama mtu anayetafuta hereni iliyozama. Yule binti sasa anauza laini za simu barabarani. Mabega bado anayo. Nikipita namsalimia, naye hajawahi kuniuliza habari za bwawa.

Kwa saa ya mjomba, muda huo nilikuwa nao. Ilibaki kuupata mbele ya saa ambayo watu wanaiamini.

Kwenye chumba cha kusubiria tulikuwa wanane, mbio ya kwanza ya asubuhi, ile wanamotupwa wasiojulikana. Viti vya plastiki, televisheni ukutani bila sauti. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mlangoni: mtu wa kumsugua bega, mtu wa kumshikia chupa, mtu wa kumfanyia mzaha acheke. Msichana wa jirani yangu akaniuliza kwa lugha ya mashindano, ile ninayoijua kwa kuokoteza, "Kocha wako yuko wapi?"

"Anakuja," nikamwambia.

Hadi leo anakuja.

Shemeji asubuhi hiyo alikuwa madukani. Alinigongea mlango alfajiri, kashika karatasi aliyochorewa mitaa ya viatu. "Wewe nenda tu, binti, basi linawapeleka mpaka mlangoni. Mimi nitakukuta huko huko. Piga maji hayo, taifa liko nyuma yako!" Taifa lilikuwa nyuma yangu kweli, linatafuta namba arobaini na tatu nyeusi.

Njia ya nane. Mwanga mkali, maji yametulia, na ukumbi wa maelfu umekaliwa na familia za wenzangu. Nikapanda jukwaa la kurukia, nikaona nyuma yake kuna kibao cha mteremko, cha kukandamizia mguu wa nyuma. Nilikijua. Nilikiona kwenye simu ya mjomba mara mia. Kinasogezwa kwenye reli kufuata urefu wa miguu yako. Nikakisogeza kikanikaa sawa. Nikaona raha, nikajisemea, kumbe hata sisi tunayajua.

Kumbe kina komeo. Chini, kwa nyuma, kipande cha chuma kama ulimi. Ukishakisogeza kibao unalibana komeo, la sivyo kibao kinabaki kinaelea kwenye reli. Kwenye simu komeo halionekani, kwa sababu kamera zinapiga kutoka mbele, zinataka nyuso. Kwetu sisi tunaruka kutoka ukingoni, vidole vya miguu vimeng'ang'ania vigae. Jukwaa la namna ile hakuna nchi nzima. Kuna picha yake kwenye kalenda ya chama.

"Kaeni tayari." Mlio ukalia. Nikasukuma kwa mguu wa nyuma kwa nguvu zangu zote za miaka yote ile, na kibao kikakimbia. Kama mtu aliyeegemea mlango akidhani umefungwa. Nikaangukia tumbo. Nilipotoa kichwa, mbele yangu palikuwa na povu la miguu ya wenzangu, na mita hamsini nzima za kwenda.

Nilizikwenda. Hilo waandike. Nilizikwenda mpaka mwisho, nikagusa, nikatazama ubao, na jina langu lilikuwa chini kabisa na namba ambayo mjomba angedhani ni ya mtoto.

Shemeji alinikuta kwenye ngazi, jasho likimtoka, mifuko ya maduka mikono yote miwili. Mtu alikuwa ameshampigia simu kutoka nyumbani. Walikuwa wanatazama.

"Umeteleza kama sabuni! Sasa mimi taarifa yangu naandika nini?"

"Andika ulikuwa wapi."

"Usinijibu hivyo, mimi si rika lako." Akaweka mifuko chini, akawaza, na uso ukambadilika. "Ngoja. Kile kidude kilikuwa kibovu. Si ndiyo? Kimekimbia, watu wote wameona. Tunakata rufaa."

Nisimnyime haki yake: hapo alikimbia. Alikimbia na mifuko yake mpaka kwa mwamuzi mkuu, mama mmoja wa nywele fupi, suruali nyeupe, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Yule mama akatusikiliza, akasubiri mbio za asubuhi ziishe, akatuongoza mpaka njia ya nane. Akainama, akasogeza kibao, akabana komeo. *Ka.* Akakisukuma kwa mguu. Hakikuenda popote.

"Kinafanya kazi," alisema. "Lakini chuma ni chuma, mara moja kinaweza kushindwa kushika. Nataka kumsikia mwogeleaji mwenyewe. Ulikifunga, halafu kikaachia? Kama ndivyo, nitakuruhusu urudie sasa hivi, peke yako, na muda wako utahesabiwa."

Nikatazama bwawa. Tupu, maji yamelala, ubao wa muda bado unawaka. Peke yangu? Mimi maisha yangu yote nimeogelea peke yangu. Hao wengine ndio wangebabaika. Muda wangu ulikuwa pale, umbali wa neno.

"Sema ndiyo," Shemeji akaninong'oneza kwa lugha yetu. "Neno moja tu, mwanangu."

Mwanangu! Safari nzima nilikuwa "wewe binti".

Pembeni alisimama fundi wa mitambo, kashika kitambaa. Asubuhi nilimwona akivitikisa vibao vile kimoja kimoja kabla hatujaingia. Alikuwa ananitazama mdomo. Nikakumbuka pampu ya hotelini ilipoungua. Mjomba alikuwa ameomba kipuri miezi na miezi, meneja akimwambia subiri. Ilipoungua, aliyekatwa mshahara ni mjomba. Sikumwonea fundi huruma tu, msinielewe vibaya. Niliona kitu kingine. Nikisema kibao kilikuwa kibovu, nimewafunika wakubwa wa chama. Kosa litabaki ugenini, kwenye chuma cha watu, na kule nyumbani Mwenyekiti atashika kipaza sauti aseme tulihujumiwa. Watapiga makofi. Na binti atakayekuja baada yangu atasukuma kibao hicho hicho, nacho kikimbie vile vile.

"Sikukifunga," nikasema. "Sikujua kinafungwa. Kwetu hakuna jukwaa hata moja, na aliyenifundisha hakupewa tiketi. Tiketi yake anayo huyu."

Nikamwonyesha kwa kidole. Nilitaka dunia ipasuke.

Dunia haikupasuka. Yule mama alivaa miwani, akaandika mstari mmoja, akasema, "Pole sana. Sheria hainiruhusu." Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu, kisha akaenda kula. Fundi akafuta jukwaa ambalo lilikuwa limeshafutwa, naye akaondoka. Wala hakunishukuru; pengine hakuelewa kulikuwa na nini cha kushukuru.

"Umejiua mwenyewe," Shemeji alisema, akiokota mifuko. "Na mimi umenichafua mbele za watu. Subiri turudi. Utaogelea kwenye beseni la mama yako!"

"Namba imekutosha lakini?"

Nilisikia mifuko yake ikikwaruza ngazi mpaka juu.

Mchana bwawa huachwa wazi kwa wenye mbio za jioni kupasha misuli, lakini wote walikuwa wamekwenda kupumzika. Nilikaa kwenye kiti cha njia ya nane na taulo begani. Ukumbi ule ukiwa mtupu una mlio wake, mashine za hewa zinapumua juu, na maji yanagonga ukingo taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufunguliwa. Nikampigia mjomba.

"Nimeona," alisema kabla sijasalimia. "Mguu wa nyuma. Ulipata nini?"

"Kina komeo, mjomba. Chini, kwa nyuma."

Nikasikia pampu ya hotelini ikinguruma nyuma yake.

"Sikukufundisha," alisema.

"Ungelionea wapi?"

"Sikukufundisha," akarudia, na sauti yake sikuipenda.

"Sikiliza." Nikapiga magoti, nikasogeza simu karibu na chuma, nikabana komeo. *Ka.* "Umesikia?"

"Rudia."

Nikarudia. Akataka mara ya tatu, nikampa ya tatu.

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo," alisema. Halafu: "Bwawa lina watu?"

"Hakuna mtu."

"Basi ruka. Simu iache hapo chini, nisikie."

Nikaiweka juu ya taulo. Nikapanda, nikaweka mguu wa nyuma, nikaukandamiza. Kibao kilisimama kama ukuta. Sikuwahi kusukumwa na kitu namna ile. Nilipita hewani mbali mpaka nikaogopa kidogo, maji yakanipokea kwa mikono, na kiwiko kikayapanda. Sikuvuta pumzi hata mara moja. Nikagusa.

Nikatazama ubao, kwa mazoea tu. Walikuwa wameshauzima.

Nikatoka, nikatembea ukingoni mpaka nilikoanzia, nyayo zangu zikilia kwenye vigae. Simu ilikuwa bado iko hewani.

"Mjomba?"

"Nipo. Kuruka nimekusikia. Kufika sijakusikia."

"Nimefika."

"Haya," alisema.