Jumamosi za Bwana Mpole

Mtaa mzima ulimwita seremala yule Bwana Mpole, na mkewe, Mama Vifungo, fundi cherehani, alijivunia jina hilo. Miaka kumi na tisa mume hakuwahi kumpandishia sauti. "Asante, mke wangu." "Chakula kitamu, mke wangu." Na kila Jumamosi mchana: "Naenda kuburudika kidogo, mke wangu." Naye akimwitikia kwa roho safi.

Mpaka siku alipompelekea kinyozi wa mtaa koti la kazi alilomshonea. Nyuma ya kibanda cha kinyozi mtu alikuwa anapiga kelele: "Leo utalia, kipara wee! Lete hiyo kete niitafune!" Kikafuata kicheko cha kushika mbavu. Akachungulia. Alikuwa mumewe! Kakunja suruali, machozi yanamtoka kwa raha, anampiga kinyozi kofi la mgongo juu ya ubao wa drafti.

Mama Vifungo alilitundika koti mlangoni akaondoka kimyakimya. Wivu ulimwandama. Mshindani wake angekuwa mwanamke, angejua pa kuanzia. Lakini ubao na kete za vizibo vya soda, utavisuta vipi? Kwenye cherehani akaligeuza lile neno. Kuburudika. Anayetaka kuburudika ni aliyeunguzwa na joto. Basi kwangu anaunguzwa na nini? Mimi nimpikie, nimfulie, kicheko apewe kinyozi! Sindano ikamchoma kidole.

Akamwendea mamamkwe wake, aliyeishi chumba cha uani.

"Mama, nifundishe drafti."

Bibi akamtazama juu ya miwani. "Unataka mchezo, au una wivu?"

"Nina wivu, mama."

"Afadhali umesema kweli. Kaa."

Walichezea vifungo, vyeupe kwa vyeusi, juu ya kitambaa kilichochorwa viraba kwa chaki. Miezi miwili bibi alimla bila huruma, ndipo akamtobolea siri: "Yule nilimfundisha mimi. Akiona njia ya kufikisha kete mwisho wa ubao iwe kingi tu, anasahau kona ya kushoto. Tangu akiwa hivi." Akaonyesha usawa wa goti.

Jumamosi iliyofuata Mama Vifungo aliingia nyuma ya kibanda. Kinyozi akampisha kiti huku akicheka.

Mumewe alishtuka. "Kuna tatizo nyumbani, mke wangu?"

"Hakuna. Panga kete."

Mume alicheza kwa adabu tupu. "Samahani, hiyo naila, mke wangu." Watazamaji, waliokuja kusikia kejeli, walikaa kama wako msibani. Mama Vifungo akamtegea kete moja. Mume akaila, akaiona njia ya kingi, akaisahau kona. Mke akamruka tatu kwa mpigo, na mchezo ukaishia hapo.

"Hongera, mke wangu," alisema taratibu. "Umecheza vizuri."

Alikuwa ameshinda, na bado hakupewa alichokifuata. Uchungu ukampanda.

"Nitukane!" alipiga kelele. "Nitukane kama unavyomtukana kinyozi! Ana nini yeye ambacho mimi sina?"

Bwana Mpole aliduwaa. "Nikutukane wewe? Baba alimfokea mama kila siku ya Mungu. Niliapa mke wangu hataisikia sauti yangu ikipanda."

"Na kicheko je? Nacho ulikiapia?"

Mume alitazama vizibo vilivyobaki ubaoni, akanyanyuka.

Waliondoka pamoja. Walipofika karibu na nyumbani, mume akasimama ghafla.

"Ile kete ya kona uliiiba."

"Nani kaiba? Umesinzia mwenyewe, gogo wee!"

"Gogo? Mimi?"

"Gogo lisilotoa hata kigoda!"

"Ngoja tufike! Leo utalia, mwizi wa kete wewe!"

Madirisha yakafunguka. Majirani wakatikisa vichwa: Bwana wa watu, leo kapandwa na nini?

Uani, bibi aliisikia sauti ya mwanawe imepanda, sawasawa na ile ya marehemu mumewe. Akaushika mkongojo, akainuka. Alikuwa keshafika mlangoni aliposikia kicheko cha kushika mbavu, na cha mkwewe juu yake. Akarudi kukaa, akaanza kupanga vifungo.