Kijiko cha Jumanne

...na huo mtandio ni wa Mama, nani asiyeujua, ule mweupe wenye misalaba midogo pembezoni ambayo Mama aliidarizi mwenyewe kabla macho hayajafifia, leo umefungwa kichwani kwa Sawsan, mbele kabisa ya pua ya Awatif, kwenye mstari wa wanawake wanaongoja kushiriki Komunyo, na mstari wenyewe hausogei, huko mbele kuna kichanga kimefumba mdomo kinakataa, padri wao, Abuna Sarabamon, amesimama na kikombe anakisubiri kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, mama yake anakitekenya kidevu, wapi, na nyuma yao wanawake ishirini wamesimama miguu mitupu kwenye zulia, kila mmoja na kitambaa chake cha kufunika mdomo, na Awatif hana pa kutazama ila mtandio huo... hakuwahi kuuomba, kweli, lakini mtoto mkubwa aombe nini, mkubwa aliyekataa posa mbili ili Mama asilale peke yake katika nyumba ile, kitu kama hicho si kinajulikana tu ni cha nani? Haya, kapewa mdogo. Kapewa Sawsan, anayefika kanisani masomo yakiwa yamekwisha, anayecheka mpaka mashemasi wanageuka, ambaye Jumatano, siku ya mfungo mwaka mzima, kwake ni siku kama siku nyingine na jibini anakula, akiulizwa anasema alisahau, miaka thelathini anasahau Jumatano... na Awatif tangu saa sita usiku hajaonja hata maji, hakupiga mswaki asije akameza tone, ni siku ya thelathini na tano ya mfungo mkuu na nyama haijapita kwake, wala maziwa, wala yai, wala samaki, hata biskuti anazisoma pakiti maandishi yale madogo yasiyosomeka, na siku za kazi hatii kitu mdomoni mpaka misa ya alasiri iishe, wenzake wanakula saa tisa, yeye anajiongezea mpaka saa kumi, hakuna aliyemwambia, anajiongezea tu, na huyu hapa mbele yake amenyoosha shingo kama bibi harusi, anasogea kuelekea kikombe kilekile, kijiko kilekile.

Lakini leo atakatazwa. Hilo ndilo linalomfanya Awatif asiondoe macho, leo Abuna anajua, jana jioni kwenye kuungama Awatif alimweleza yote, alianza na dhambi zake, hazikuwa nyingi, kisha akasema kuna jambo linanitesa Abuna, ni la ndugu yangu, akalieleza taratibu, kwa masikitiko, kama inavyopaswa, na Abuna akainamisha kichwa akasema nimekusikia... nimekusikia maana yake nini kama si hiyo? Atafika mbele, atafungua mdomo, na Abuna atatikisa kichwa kidogo tu, na mji mzima wa Minya utaona, na mtandio wa Mama utageuka urudi ulikotoka. Awatif hafurahii. Asije mtu akasema anafurahia. Ni sheria, basi, sheria haina dada wala kaka... roho inamwenda mbio hivi kwa sababu hajala.

Jumanne ile. Alirudi kutoka misa ya alasiri, tumbo limeshikana na mgongo, akafungua mlango akakutana na harufu, mchuzi wa kuku, iliki, kitunguu, katika nyumba ambayo tangu baba afe haijawahi kuchemsha mfupa wakati wa mfungo, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Mama, na walikuwa wameketi pale, Mama ameegemezwa mito mitatu, upande mmoja wa uso umeanguka tangu kile kiharusi cha baada ya sikukuu ya Ubatizo, na Sawsan kapanda kitandani kabisa, na viatu vyake, bakuli katikati, kijiko kimoja. Kimoja. Anakunywa yeye, anamnywesha Mama, anakunywa yeye, anamnywesha Mama, na Mama, ambaye kwa Awatif hata maji ya dengu yalikuwa yanamtoka pembeni, alikuwa amefungua mdomo kama kinda na anacheka. Anacheka! Siku arobaini Awatif anamgeuza ubavu, anamwosha, anambadilisha shuka, anamsomea zaburi za saa zote saba za sala bila kuruka hata moja, hajawahi kuchekewa, anaambiwa asante binti yangu, asante kama anavyoambiwa muuguzi... Sawsan wala hakushtuka, alisema ameomba ruhusa kwa Abuna, wagonjwa wanaruhusiwa, lakini Mama kakataa, kasema hawezi kula mafuta na wanawe wamefunga.

"Nikamwambia basi naanza mimi," Sawsan akasema, na kijiko bado mkononi. "Nikameza. Nikamwambia, haya Mama, mfungo wangu umeshavunjika, ukikataa nitakuwa nimeuvunja bure. Ndiyo akafungua mdomo."

Kaifanya mchezo. Ruhusa ilikuwa ya Mama, haikuwa yake, yeye ana afya kama ng'ombe wa shamba, kamaliza nusu bakuli la kuku katikati ya Kwaresima na anahadithia kama kaokota mtoto mtoni, na Mama pale kitandani anamtazama, yale macho, Awatif anayajua, hajawahi kuyapata lakini anayajua, aliyaona tangu Sawsan ana miaka minne na anakula makombo ya mkate mtakatifu kabla ya misa na Mama anaficha uso ili asionekane anacheka... ungekuwa wewe Awatif ungechapwa. Si angechapwa? Hakuwahi kujaribu, hajui.

Huko mbele kichanga kimegeuza uso, kinalia, na Abuna bado kasimama, kamwinamia mtoto, anamwambia maneno yasiyosikika, shemasi na mshumaa wake ameanza kubadilisha mguu, na Awatif naye anaanza kukereka, mtoto hataki, si wamruke, watu wako kavu tangu usiku, taratibu ni taratibu... na lile somo la leo, la yule mtu aliyelala miaka thelathini na nane, akaponywa, akabeba godoro lake, na watu wa sheria wakamkamata wakamuuliza nani kakuruhusu kubeba godoro siku ya Sabato, Abuna alilirudia mara mbili, alisema hawakumuuliza nani kakuponya, waliuliza godoro, na Awatif alitikisa kichwa pamoja na wengine, akawasikitikia watu wale, macho yake yakiwa kwenye mtandio.

Godoro la Mama analigeuza kila asubuhi.

Na harufu ile haitoki. Sawsan aliacha sufuria kwenye friji, akasema ni ya siku nne, pasha moto kidogo kidogo dada, mpe mchana, akambusu Mama paji la uso akaondoka, na Awatif akasimama jikoni na sufuria mikononi, nzito, mafuta yameanza kuganda juu, aliitazama muda mrefu, kisha akaimwaga kwenye sinki. Yote. Akafungua bomba mpaka maji yakawa meupe. Alijiambia ni kwa ajili ya roho ya Mama, kizee wa miaka themanini na moja aliyefunga maisha yake yote, amalizie safari kwa nyama? Kesho yake akampelekea maji ya dengu, Mama akafumba mdomo, akasema nimeshiba binti yangu. Alhamisi nimeshiba. Ijumaa nimeshiba. Na Awatif akawaambia majirani kwenye ngazi kwamba Mama anafunga kama watakatifu wa jangwani, haonji kitu, na tazameni uso wake, mashavu yamepata rangi, hiyo ni neema ya mfungo, majirani wakajipiga ishara ya msalaba, na yeye akarudi ndani kifua mbele, lakini harufu ya iliki ilikuwa bado chumbani, kila akiingia jioni, akasugua sinki kwa siki, akasugua tena, harufu ipo, akasema labda iko puani mwangu... na usiku akiwa macho alimsikiliza Mama anavyopumua, akahesabu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, siku nne bila kitu, mtu wa umri ule, na akaogopa, akageukia ukutani akasema zaburi.

Basi Abuna jana aliuliza. Hili sasa kwa nini linakuja hapa, hatua sita kutoka kikombe, alikuwa amelisahau, alikuwa ameliweka mahali... baada ya nimekusikia, Abuna aliuliza kitu kingine, aliuliza kama mtu anayeaga mlangoni.

"Na ule mchuzi uliobaki, mama anaunywa?"

Na yeye akajibu, upesi, hata hakufikiri, "Anakunywa, Abuna. Anashiba."

Alidanganya. Kwenye kuungama. Mkono wa Abuna na msalaba ukiwa juu ya kichwa chake kabisa, yeye, Awatif, anayesoma pakiti za biskuti, alimdanganya padri kuhusu mama yake anayekufa njaa, kisha akapokea ondoleo, akaenda nyumbani, na akahakikisha hajapiga mswaki... Ee Bwana. Sufuria ile hakuimwaga kwa ajili ya mfungo, ilikuwa na ruhusa, aliijua ruhusa, Sawsan alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe, aliimwaga kwa sababu ya yale macho, kwa sababu kwa Sawsan Mama alifungua mdomo, angekuwa Sawsan kaleta dengu angemwaga dengu, hiyo ndiyo kweli, na kama asubuhi hii Mama... alimwacha amelala, hakumgusa, aliogopa kumgusa, alisimama mlangoni akaangalia blanketi kama linapanda.

Sawsan kageuka. Kageuza shingo tu, uso ndani ya mtandio, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, Awatif hakuwa ameyaona hayo, alikuwa anaona kisogo, na kwa sauti ya chini, sauti ya kanisani ambayo hakudhani Sawsan anayo, akauliza Mama kaamkaje. Na Awatif alitaka kusema salama. Salama ilikuwa pale pale tayari.

"Ule mchuzi niliumwaga," akasema. "Jumanne ileile."

Sawsan hakukunja hata uso. "Najua, dada. Nilikuta mafuta kwenye sinki Jumatano."

"Jumatano ulikuja?"

"Nakuja kila siku ukiwa misa ya alasiri. Nilipika mwingine. Mama alisema usiambiwe, utaumia."

Kila siku... misa inaanza saa sita, inaisha saa tisa, na yeye anakaa nyuma kumalizia sala zake mpaka saa kumi, saa nne nzima, na siku zote hizo wale wawili na bakuli lao na kijiko chao, na Mama anafutwa mdomo, na dirisha linafunguliwa ili harufu itoke na haitoki, na jioni Mama anasema nimeshiba binti yangu, alikuwa ameshiba kweli, mashavu yale yalikuwa ya kuku... wivu ukampanda tena, mkali kuliko wa kwanza, walimficha, walimhurumia, wamemhurumia yeye, Awatif! na juu ya wivu ule kikaja kitu kingine ambacho hakukitarajia, Mama ameshiba. Hafi njaa. Anashiba, Abuna, alisema hivyo, ulikuwa uongo na wakati anausema huyu hapa alikuwa tayari ameshaufanya kweli, kwa mguu wake, mitaa mitatu na sufuria chini ya koti. Hata uongo wake kaufanya kuwa kweli. Yeye kafunga miaka arobaini, na uongo wake umefanywa kweli na mtu anayesahau Jumatano.

Mbele kichanga kimefumba mdomo. Abuna kachovya ncha ya kidole, anangoja. Mwanamke aliye nyuma anamsukuma Awatif kidogo begani, kama vile mstari umesogea, haujasogea, hatua ni zilezile sita, na Awatif anajua kwamba leo akifika pale atafungua mdomo ili aseme alivyodanganya, Abuna akitaka kumnyima kikombe amnyime mbele ya Minya nzima... anautazama mtandio, umefungwa vibaya, upande mmoja umelegea, mkono wake unaenda wenyewe unauweka sawa nyuma ya sikio la Sawsan, na Sawsan anatulia kama mtoto anayesukwa.

"Umebaki wa leo?"

"Upo. Chini ya kitanda cha Mama, kwenye kikapu cha nyuzi za sufu."

"Leo nitampa mimi."

"Mpe," Sawsan akasema. "Ila onja kwanza wewe. Bila hivyo hafungui mdomo."