Ndugu wa Kumjulisha

Kompyuta ilikataa. Kila nikibofya "hifadhi", mstari ule ule unawaka rangi nyekundu: ndugu wa kumjulisha. Bila jina hapo barua ya rufaa haitoki, na bila barua dereva wa gari la wagonjwa hawashi injini. Mzee Bonifasi alikuwa nyuma yangu kwenye machela, ngiri imembana, jasho linamtiririka.

Ilikuwa Mei 2015, Warundi wakishushwa melini Kigoma kwa mamia. Sisi wa kumbukumbu za tiba tulipewa hema, meza na mashine mbili. Mimi nilipewa kiti kwa cheti cha kidato cha nne; mdomo nilikuja nao.

"Ndugu yako nani, mzee?"

"Nta n'umwe." Hakuna hata mmoja.

"Shemeji? Jirani? Basi hata adui, bora awe anakufahamu vizuri."

Akajaribu kucheka, tumbo likamkataza.

Dada Dainess, afisa kumbukumbu za afya aliyeletwa kutoka Dodoma kutusimamia, aliinama begani kwangu. "Usibuni mtu, Mudathir. Hilo jina litapigiwa simu."

Nikaandika langu. Uhusiano: mtoto. Nikamsomea mzee kwa sauti.

"Mimi sijazaa," akanong'ona.

"Leo umezaa. Tena bila mkunga!"

Dainess hakucheka. "Wakikupigia utakwenda?"

"Nitakwenda, dada."

Barua ikatoka.

Siku hizi nikiwafundisha vijana wapya huwaeleza mstari ule ni wa nini, ila sielezi nilivyojifunza.

Jioni ile nilikuwa chumbani kwangu Gungu, napuliza chai. Tangu mama afariki, aliyekuwa akinikumbuka kwa simu ni kampuni ya simu yenyewe, na vocha zake za bahati nasibu. Simu ikaita.

"Wewe ni mtoto wa Bonifasi? Baba yako hataki kuingia chumba cha upasuaji mpaka akuone."

Baba yako. Niliacha chai ikifuka moshi, nikadaka bodaboda.

Nilimkuta koridoni, kavalishwa gauni la kijani, miguu imechungulia nje ya shuka.

"Shikamoo, mzee. Unawasumbua watu kwa nini?"

"Nilitaka nijue kama lile jina lina mtu." Akanishika kifundo cha mkono. "Na wewe, mwana wanje, mwanangu, wamekuandikia nani?"

Nikaivuta shuka, nikamfunika miguu. Muuguzi akaanza kusukuma kitanda, nami nikakaa kwenye benchi mpaka waliponiambia ametoka salama.

Asubuhi nilifungua faili langu la utumishi kwenye mashine. Pale pa ndugu palikuwa bado na mama, na namba yake ambayo haikuwa ikipatikana tena. Nikamfuta herufi moja moja, polepole.

Halafu nikainuka kwenda wodini, kumwomba mzee ruhusa ya kuandika jina lake hapo.