Ufa wa Nyumba Namba Saba

Nyanchera alikuwa miongoni mwa watu kumi na wawili walioanzisha chama cha ushirika wa nyumba pale Ikonge. Kwa miaka tisa alishona sare za shule ili apate mchango wake, na siku za kazi ya pamoja alibeba mawe kichwani. Benter alijiunga mwaka wa sita. Alitoka upande wa ziwa, akafungua duka la dawa za mifugo sokoni, na hakuwahi kubeba jiwe hata moja kwa kuwa misingi ilikuwa imekwisha.

Siku ya kugawana nyumba, majina yaliwekwa kwenye sufuria ili asipendelewe mtu. Benter akapata namba saba, ya pembeni kabisa, yenye baraza pana na nafasi ya kupanda mboga. Nyanchera akapata namba kumi na mbili, iliyopakana na mashine ya kusaga unga.

Hakulalamika. Kura ilikuwa ya haki, aliishuhudia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwani hapakuwa na wa kulaumiwa. Kila alipopita namba saba aliona kitu kipya: leo mapazia, kesho viti vya barazani.

Kabla ya mvua za masika, kamati ya usalama, ambayo yeye alikuwa mwanachama wake, ilimtuma akague nyumba zote. Ukuta wa nyuma wa namba saba ulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa. Aliandika: "Ufa mkubwa, unaongezeka, udongo unausukuma ukuta." Alijua alichokuwa akifanya. Benter angeogopa, angetaka kuhama, naye Nyanchera angejitolea kubadilishana naye, watu wakamsifu kwa roho yake nzuri.

Mwenyekiti, mzee Osoro, alipoisoma ripoti alimwita mhandisi kutoka Kisii, jina lake Angwenyi. Mhandisi alichimba nyuma ya nyumba kwa siku mbili. Siku ya pili maji yakabubujika shimoni. Kumbe kiwanja kiliposawazishwa, chemchemi ya zamani ilifukiwa. Angwenyi akasema ukuta ule usingevuka masika hayo.

Jumapili alasiri wanachama walikutana. Nyumba namba moja ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili ya dharura kama hiyo, wakampa Benter. Kwa kuwa iko langoni, kando ya barabara, wakamruhusu pia ahamishie duka lake chumba cha mbele. Nyanchera akaona kwamba ripoti yake imempa Benter nyumba bora kuliko ile.

Kisha watu wakampigia makofi yeye. Benter alimshika mikono yote miwili akilia, akisema wanawe walikuwa wakilala chumba cha nyuma, chini ya ukuta uleule. Osoro akapendekeza Nyanchera aongoze kamati.

Nyanchera akasimama. "Sikuupima ule ufa," alisema. "Ulikuwa mdogo. Niliandika mkubwa."

Osoro akamuuliza kwa nini.

"Niliitaka nyumba ya Mama Pam," akasema, akimtazama Benter.

Katibu, Onchiri, akaomba jina la Nyanchera litolewe kwenye kamati, na ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo kila nyumba ikaguliwe na watu wawili, na mwenye kuitamani nyumba aseme mapema, asiiguse kazi hiyo. Nyanchera naye aliinua mkono kukubali.

Benter alimngoja nje.

"Na hii niliyopewa leo, Mama Mose, nayo unaitamani?"

"Hiyo pia."

Benter akamwambia kwamba watoto wake wako hai, na kwamba hajui kama amshukuru au amchukie, na mpaka atakapojua, asitarajie kualikwa chai. Akaenda zake.

Siku ya kuhama, wanachama walijitokeza kusaidia. Nyanchera alikwenda ingawa hakuitwa, akabeba godoro la Pam. Benter alimwonyesha pa kuliweka, basi. Dirisha la chumba kile lilikuwa kubwa kuliko yote ya kwake. Nyanchera aliliona, na moyo ukamchoma vilevile. Akatoka kwenda kuchukua kitanda.