Diski Zinazokufa kwa Zamu

"Basi niambie wewe," Mama Pacha alisema. "Diski nne ndani ya miezi miwili, zote kutoka dukani kwako. Nikuite nani, muuza diski au mchimba makaburi?"

"Niite shemeji yako," alijibu mwanamume aliyesimama mlangoni, boksi dogo kifuani. "Na punguza sauti. Mashine zinasikia."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Huyu alikuwa mume wa mdogo wake, na utani wao ulianza siku ile ile alipokuja kujitambulisha amevaa viatu vya kuazima, akawa anatembea kama anayekanyaga mayai. Lakini leo ugomvi ulikuwa wa kweli. Mama Pacha ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, na shemeji ndiye aliyeuza diski zote kumi na mbili za kabati linalotunza picha za wagonjwa: mifupa, vifua, vichwa, watoto ambao hawajazaliwa. Juu, mezani kwa mganga mkuu, kulikuwa na barua aliyoiandika Mama Pacha jana kwa mkono wake, ikiomba duka la shemeji lifutwe kwenye orodha ya wauzaji wa hospitali. Ingetiwa saini kabla ya saa sita mchana, na sasa ilikuwa saa tano na nusu. Duka lile liliishi kwa hospitali hii. Likifutwa lingefungwa, na mdogo wake alijua hivyo. Tangu jana alikuwa hapokei simu.

"Uliziangusha na pikipiki yako," Mama Pacha alisema.

"Zilipakatwa kama mtoto mchanga. Mke wangu ndiye aliyezipakata. Muulize."

"Nimuulize vipi na simu yangu haipokei?"

"Ataipokeaje? Umemwandikia mumewe talaka na hospitali."

Mama Pacha alimgeuzia mgongo kabla mdomo haujamsaliti. Chumba kilikuwa kidogo, cha baridi, feni zikivuma bila kupumzika. Kabati la diski lilisimama katikati: trei kumi na mbili zimepangwa bega kwa bega, kila moja na kitaa chake. Vitaa kumi na kimoja vilikuwa vya kijani. Cha kumi kilikuwa cha njano tangu alfajiri.

Njano moja si msiba. Diski hizi hubebana. Ikifa moja, zilizobaki huchukua mzigo wake mpaka mpya iwekwe. Zikifa mbili kwa pamoja ndipo hakuna wa kumbeba mwenzake, na picha zote zilizopigwa tangu Ijumaa, ambazo bado hazijanakiliwa kwingine, zinakwenda na maji.

"Lete hiyo diski nibadilishe," alisema. "Tutagombana baadaye."

"Nisomee daftari lako kwanza."

"Shemeji, usinipotezee muda."

"Wewe huandika kila kitu, hata siku paka alipoingia humu. Nisomee."

Alilifungua kwa hasira. "Nafasi ya saba imekufa. Nikabadilisha. Baada ya wiki mbili, ya nane. Nikabadilisha. Wiki tatu, ya tisa. Nikabadilisha. Leo ya kumi."

"Na zile mpya ulizoweka?"

"Nzima."

"Zote?"

"Zote tatu. Kwani nimesema nini?"

Jambo hilo Mama Pacha alikuwa ameliona, tena aliliandika kwenye barua kama ushahidi: diski za boksi moja bovu, zinakufa kwa zamu. Shemeji alitikisa kichwa.

"Diski mbovu haijui foleni, Mama Pacha. Ingekufa ya pili, kesho kutwa ya kumi na mbili, ovyo ovyo. Hizi zinafuatana kama watoto wa shule. Kila ukiweka mpya, anakufa jirani yake wa kulia." Alishusha boksi mezani. "Nimezifungua zile ulizonirudishia. Ya saba ilichoka yenyewe, hiyo ni yangu, naikubali. Ya nane na ya tisa zina mikwaruzo ndani. Kile kisindano kinachosoma kimegonga sahani wakati inazunguka. Kuna kitu kinazitikisa. Sasa weka hii, nami nitazame."

Basi shemeji akatazama. Mama Pacha aliivuta diski iliyokufa, akaitoa ile mpya kwenye boksi, akaifunga kwenye trei, akaitelezesha trei ndani mpaka ikabaki nje kiasi cha vidole viwili. Kisha akarudisha mkono nyuma, kiganja wazi.

Shemeji alimdaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Naikalisha."

"Unataka kuipiga kofi."

"Kofi gani? Ndivyo zinavyokaa."

Ndivyo zilivyokaa, kweli, kwenye kabati la zamani lililosukumwa pembeni ya chumba baada ya kustaafishwa. Lile lilikuwa na reli zilizopinda, na kwa miaka tisa hakuna trei iliyokubali kuingia bila kiganja cha Mama Pacha. Wauguzi waliopita koridoni walikuwa wakisikia "pa" wanaambiana kazi imekwisha. Mkono ukazoea. Nyumbani alifunga hivyo hivyo friji, droo, na masanduku ya pacha wake walipokwenda bweni. Na kiganja chenyewe kilikuwa kipana; nusu yake iliangukia trei ya kulia.

"Njoo huku," shemeji alisema, akamwongoza hadi kwenye kabati la zamani, lililokuwa limezimwa. Alivuta trei moja nje kidogo. "Weka vidole kwenye hii ya jirani. Usivitoe."

Akaweka. Shemeji akapiga kofi, si kubwa, la kawaida tu, kama lake.

Mtikisiko ulimpanda mpaka kwenye kiwiko.

Mama Pacha aliviacha vidole palepale.

"Tena," alisema.

Shemeji akapiga tena.

Mama Pacha alirudi kwenye kabati jipya. Akaweka vidole gumba viwili kwenye trei, akaisukuma taratibu kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Reli hizi hazikuwa zimepinda popote. Iliingia yenyewe, kishikizo kikabana, kitaa cha kumi kikaanza kumeta kijani: diski mpya ilikuwa inajaza kumbukumbu kutoka kwa wenzake. Wote wawili walikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na hii ya kumi na moja?" aliuliza.

"Hujaigusa. Itaishi."

"Diski mbili nimeziua mimi. Na hii ya leo, tatu."

"Hujui mkono wako ulivyo mzito. Muulize mdogo wako, anasema utotoni ulikuwa unamsuka nywele mpaka macho yanapanda juu." Shemeji alikunja boksi tupu. "Sikiliza. Waambie reli zimelegea, nimekuja nimezikaza. Mimi sitasema kitu. Wewe ni fundi wao, wanakuheshimu."

"Nikisema reli, watanunua reli."

"Wanunue kwangu."

Sasa Mama Pacha alicheka, kicheko kifupi cha puani. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa dakika kumi kabla ya saa sita.

"Una roho nzuri, wewe," alisema. "Ndiyo maana hutajiriki."

Akanyanyua simu ya mezani, akabonyeza namba ya juu. Shemeji alinyoosha mkono kumzuia, Mama Pacha akaupiga pembeni.

"Mganga mkuu, ni mimi, wa chumba cha seva. Ile barua ya jana usiitie saini. Ichane. Hapana, diski hazina kosa, muuzaji hana kosa. Nilikuwa nazisukuma kwa kofi huku zile za jirani zinafanya kazi. Ndiyo. Kofi. La kiganja. Mimi mwenyewe, miezi miwili. Naandika taarifa sasa hivi, naileta kwa mkono wangu."

Akasikiliza kidogo.

"Ndiyo, mkuu," alisema, "nitaiweka mezani polepole, bila kofi."

Akakata simu, akavuta kiti, akaandika tarehe juu ya karatasi, na chini yake jina lake.